Mifugo ya Bi Sikudhani

Tajiri Ndelwa, ambaye kitambi chake kiliingia mlangoni leo na mwenyewe akafuata kesho, aliiambia Kamati ya Bunge kwamba bonde analolima Bi Sikudhani ni mali ya babu yake. Bi Sikudhani hakuwa na pengine pa kulima, lakini hakubisha.

"Ni lake, Mheshimiwa Mwenyekiti. Tena nimeshukuru, maana mifugo yangu pale ikijamba, mawingu yanahama mkoa."

Wabunge wakacheka, kisha wakakumbuka nchi imeahidi kupunguza gesi chafu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Bwana Ndelwa, mwenye ardhi ndiye atakayejibu kuhusu hewa yake. Bonde ni lako?"

Ndelwa akatoka jasho la kujaza pipa. "Langu? Hapana, Mheshimiwa! La huyu mama! Andikeni, nitie sahihi sasa hivi!"

Wakaandika, akatia. Walipotoka nje akamcheka.

"Haya mama, kajibie mashuzi yako. Ng'ombe wangapi hao?"

"Ng'ombe tena, baba? Mimi nafuga kuku wawili. Nao wana adabu, sijawahi kuwasikia."