Fisi Apewa Kazi ya Kuzika

Zamani, wakati Fisi bado alikuwa na watu wawili watatu wa kumwamini, mvua iligoma kunyesha katika Bonde la Matete. Mito ikakauka, mizizi ikawa migumu, na nguruwe pori wa koo zote za bonde hilo wakabanana kwenye dimbwi moja la tope. Waligaagaa pamoja na kunywa pamoja, na homa ilipokuja ikawakuta pamoja.

Ilianza kwa dume mmoja mnene. Asubuhi alikataa kula, jambo ambalo halijapata kutokea kwa nguruwe yeyote. Kesho yake masikio yakawa mekundu. Siku ya nne akafa.

Nguruwe wana mila yao. Akifa mmoja, kila mfiwa humsogelea maiti na kumgusa pua kwa pua. Jamaa hutoka mabonde ya mbali kuja matangani, nao huaga vivyo hivyo, hulala siku tatu wamebanana, kisha hurudi makwao. Asiyekuja husemwa mpaka wajukuu zake waone haya. Basi dume yule akaagwa vizuri sana. Baada ya siku kumi walikufa sita kati ya waliomuaga, na wao pia wakaagwa vizuri sana.

Habari zilimfikia Simba akiwa amelala.

"Homa? Katika nchi yangu?" akanguruma. "Mimi sitawali wagonjwa!"

Hata hivyo harufu ya maiti ilikuwa imeanza kumharibia usingizi, kwa hiyo akauliza nani atawazika. Fisi alijitolea kabla swali halijaisha.

"Nitawazika mimi, Mtukufu. Mashimo marefu, mawe juu. Moyo wangu hauwezi kuvumilia kuona maiti imelala juani."

"Nawe unataka nini?"

"Sitaki kitu, Mtukufu. Ni huruma tu."

Simba aliyapenda maneno hayo, akamfanya Fisi kuwa Mkuu wa Mazishi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzishi amekuja kazini bila jembe.

Tangu siku hiyo Fisi akawa wa kwanza kufika kila matanga. Alilia kuliko wafiwa. Nguruwe akisita kumgusa marehemu, Fisi alimsukuma taratibu akisema, "Muage ndugu yako, usiwe na moyo wa jiwe. Mila ni mila." Kisha aliiburuta maiti nyuma ya vichaka, akala mpaka akashiba. Vichwa na ngozi alivipeleka kwenye madimbwi ya mabonde ya jirani, ambako nguruwe walikuwa bado wazima kwa kiasi kilichomuudhi.

Kila baada ya siku saba alikwenda kutoa taarifa.

"Hali ikoje?" Simba aliuliza.

"Shwari, Mtukufu. Wamekufa wachache, kwa uzee."

"Na wale vitoto?"

"Walizeeka mapema, Mtukufu."

Simba akaridhika, akalala tena.

Bi Nguruwe wa Matete alikuwa amezaa watoto tisa, na sasa walibaki wanne. Alipochoka kulia, alipanda kilimani kwa Sungura, ambaye hakuwa na kazi nyingine mchana kutwa ila kutazama mambo ya wenzake.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Nguruwe. Lakini simama hapo hapo, usisogee."

"Hata wewe unanitenga?"

"Miguu yako ina tope la dimbwini, na njia hii hupita nguruwe wengine. Pole kwa misiba. Una shida gani?"

"Watoto wangu wanaisha, ndugu yangu. Wamebaki wanne, na mmoja tangu jana hajala. Nifanyeje?"

"Dawa ya homa hii sina, wala hana yeyote," alisema Sungura. "Lakini nimekaa hapa juu nikitazama. Wanaokuja matangani kwenu wanarudi kwao, na hazipiti siku kumi, kwao nako kuna matanga. Huoni kwamba mnaagana, kisha mnafuatana? Mgonjwa akae peke yake. Wazima wasitembee, wageni wasije, siku arobaini. Atakayekufa asiguswe pua wala asiburutwe. Afukiwe pale pale alipoangukia, na Muhanga, fundi wa mashimo, maana yeye homa yenu haimpati."

"Na mwanangu akifa, nisimuage?"

"Usimuage."

"Wewe hujui uchungu wa mwana, Sungura."

"Nina watoto mia na ishirini," alijibu Sungura. "Ndiyo maana najua kuhesabu."

Mtoto yule alikufa baada ya siku mbili. Bi Nguruwe alisimama hatua ishirini kutoka pale alipolala, akiwazuia wale watatu nyuma yake. Moyo ulimuuma kupita kiasi. Mara mbili alianza kwenda, na mara mbili akarudi. Watu wa ukoo wake wakanong'ona, "Mama gani huyu?"

Fisi akafika, machozi tayari machoni.

"Bi Nguruwe, nenda kamuage mwanao! Atakuja kukuuliza huko ahera."

"Atanisamehe," alisema Bi Nguruwe. "Lakini hawa watatu nikiwapa homa kwa pua yangu mwenyewe, hawatakuwa na haja ya kunisamehe. Nawe usimburute. Mzike hapo hapo, sote tukiona."

"Hapa? Mbele ya watu?" Fisi alishtuka. "Leo mgongo unaniuma."

Basi Muhanga akachimba shimo refu, akamfukia mtoto na kupanga mawe juu. Fisi akarudi na njaa yake mpaka kwa Simba, akamshtaki Bi Nguruwe kwa kuvunja mila. Simba akaitisha baraza. Sungura naye akaja, na kwa ushauri wake kila ukoo wa nguruwe ulisimama mbali na mwingine.

"Mtukufu," alisema Fisi, "mwanamke huyu amemfukia mwanawe bila kumuaga, tena amenizuia kufanya kazi uliyonipa!"

"Nani amemfundisha ukaidi huu?" aliuliza Simba.

"Ni mimi, Mtukufu," alisema Sungura. "Ila leo sikuja kubishana, nimekuja kumpongeza Mkuu wa Mazishi. Ndugu Fisi, umezika wangapi mpaka sasa?"

Fisi akavimba kichwa. "Arobaini na wawili! Wote kwa mikono yangu hii."

"Na wote uliwagusa?"

"Niliwakumbatia!"

"Masikini," alisema Sungura. "Mtukufu, aliyegusa maiti huibeba homa kwa miguu yake kila aendako. Itabidi Mkuu wetu afungiwe ndani ya boma la miiba siku arobaini, ale majani."

Mkia wa Fisi ukashuka. "Majani? Hapana, subirini. Hiyo ilikuwa namna ya kusema tu. Sikumgusa hata mmoja."

"Hata mmoja?" Simba akainuka.

"Naapa, Mtukufu, hata mmoja!"

"Basi hao arobaini na wawili uliwazikaje? Na wako wapi?"

Fisi alilitazama tumbo lake, na baraza zima likalitazama. Lilikuwa tumbo lililotunzwa vizuri mno kwa mwaka wa njaa.

Simba alikasirika, si kwa ajili ya waliokufa, bali kwa sababu aliwakumbuka wale waliozeeka mapema, na kwamba yeye alisadiki. Akamvua Fisi ukuu wake, akaamuru afungiwe bomani, apewe majani. Kisha akatangaza kwamba kila ukoo ukae kwake siku arobaini na maiti zifukiwe bila kuguswa, akaongeza kwamba wazo hilo lilikuwa lake tangu mwanzo. Sungura aliinamisha kichwa, akampongeza.

Wachache zaidi walikufa, kisha homa ikakosa wa kumpata. Siku ya arobaini boma likafunguliwa. Fisi akatoka akiwa mifupa mitupu, na kabla hajasalimu mtu akauliza, "Nani amefariki?"

"Hakuna," alijibu Bi Nguruwe, watoto wake watatu wakiwa nyuma yake.

Fisi akaangua kilio, na kwa mara ya kwanza alilia kwa uchungu wa kweli. Watu wa ukoo wakamuuliza Bi Nguruwe iliwezekanaje walie bega kwa bega na kiumbe kama huyu muda wote ule, wakiitafuta sababu ya vifo vyao juani, majini na hewani.

Bi Nguruwe akawajibu, "Kikulacho ki nguoni mwako."