Ijumaa Moja, Watu Watatu

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, chaki ingali inachafua mashati ya walimu, palikuwa na shule moja ya sekondari milimani Upare. Shule hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa ratiba inayofanya kazi. Tangu mwalimu wa pili wa hesabu ahamishwe, kila muhula ratiba ilibandikwa Jumatatu, na ikifika Alhamisi, Kidato cha Pili na Kidato cha Nne wanamwita mwalimu mmoja kipindi kimoja. Darasa moja linafundishwa, jingine linapiga kelele. Na mtihani wa taifa huo unakuja.

Mkuu wa shule, Mzee Mkwizu, akachoka. Akaita kikao cha walimu, akasema:

"Atakayenipatia ratiba isiyogongana, kila Ijumaa kuanzia saa nne asubuhi ni yake, muhula mzima. Kazi yake nitaifanya mimi mwenyewe, hata iwe ya kukoroga uji. Lakini ni mtu mmoja tu. Sina miili miwili."

Walimu wakacheka. Naelijwa hakucheka. Yeye ndiye mwalimu wa taaluma, kupanga ratiba ni kazi yake, na pale pale alipokaa alijua Ijumaa ile ni yake. Basi la kwenda kwao lilipita barabarani saa sita mchana. Kwao alikuwapo binti yake, Namkunda, wa miaka minne, analelewa na bibi yake. Likizo iliyopita mtoto alimpokea mlangoni kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwalimu." Mwalimu! Mama yake mzazi! Neno lile lilimchoma Naelijwa, na hakumwambia mtu.

Basi akaanza kazi, kifua mbele. Akakusanya vizibo vya soda, akavipaka rangi, kila mwalimu na rangi yake. Akachora kwa chaki madarasa manne na siku tano juu ya meza ya maabara. Siku ya kwanza akapanga. Siku ya pili akapangua, akapanga. Siku ya tatu akapangua, akapanga. Siku ya nne walimu wote wakakaa mahali pao, ila vizibo vitatu vyekundu vikambakia mkononi.

Vyekundu vilikuwa vya Mwalimu Kiondo, aliyefundisha hesabu na fizikia madarasa yote manne peke yake. Naelijwa akahesabu. Kiondo alitakiwa afundishe vipindi thelathini na nane kwa wiki. Wiki ya shule ile ilikuwa na vipindi thelathini na vitano. Mihula yote ile watu wamenuniana, wameandikiana barua, na hakuna hata mmoja aliyekaa akahesabu!

Akiwa bado anakodoa macho, akaingia Bi Sikudhani, mpishi wa shule, na kikombe cha chai. Akainamia meza.

"Mwanangu, hii nafasi tupu hapa katikati ni ya nini?"

"Huo ni uji wako, mama. Saa nne mpaka saa tano na dakika ishirini."

"Ehe! Uji gani wa kunywewa saa nzima na zaidi? Ni vikombe hivyo. Watoto mia mbili, vikombe mia. Nusu wanakunywa, nusu wanazurura, mimi naosha, ndipo wanywe waliobaki. Kila mtoto aje na kikombe cha kwao uone. Dakika arobaini, sufuria nimeshafunika."

Dakika arobaini zilizookolewa ni kipindi kizima, na ni kila siku. Vipindi vya wiki vikawa arobaini. Vizibo vitatu vikakaa. Naelijwa alimkumbatia yule mama mpaka chai ikamwagika.

Likabaki jambo moja. Katika shule ile mwalimu alikuwa na haki ya kukataa vipindi vinavyozidi thelathini. Naelijwa akamwita Kiondo, akamwonyesha meza.

"Thelathini na nane?" Kiondo akauliza. "Kwa koo hili hili moja?"

Angekataa, nani angemlaumu?

"Weka," akasema. "Kidato cha Nne nimetoka nao tangu cha Kwanza. Siwezi kuwaacha mlangoni mwa mtihani."

Ratiba ikabandikwa. Wiki ya kwanza, hakuna kugongana. Wiki ya pili, hakuna kugongana. Ijumaa ya wiki ya tatu, saa tatu na nusu, Mzee Mkwizu akawaita wote watatu ofisini.

Naelijwa akasema: "Mkuu, siku nne nimepanga na kupangua. Bila mimi kuhesabu, mpaka leo tungekuwa tunalaumiana. Nina mtoto anayeniita mwalimu. Nataka aniite mama."

Kiondo akasema: "Mkuu, ile ni karatasi. Koo linaloisimamisha ni langu. Zamu yangu ya maji ya mfereji ni Ijumaa mchana. Nisipokuwepo kuyafungulia, yanapita kwenda kwa jirani, na mahindi ya wanangu yanakauka nikiwa nafundisha wana wa wenzangu."

Bi Sikudhani akasema: "Mimi sikuitwa kikaoni. Lakini Mkuu alisema atakayempatia, hakusema lazima awe mwalimu. Nafasi waliyoikosa nimeitoa mimi, jikoni kwangu. Ijumaa saa tano kuna darasa la watu wazima ofisi ya kijiji. Miaka kumi na tisa nimeipikia shule hii, na kwenye daftari la mahudhurio bado naweka dole gumba."

Naelijwa alikuwa ameingia mle na uhakika wote wa duniani. Sasa alilitazama lile dole gumba, akalitazama shati la Kiondo lililolowa jasho tangu asubuhi, akamkumbuka Namkunda mlangoni.

Mzee Mkwizu akaichukua ratiba, akaisukuma mbele ya Naelijwa pamoja na kalamu.

"Wewe ndiye mpangaji, Mwalimu. Nipangie na hili. Jina utakaloandika, mimi sitalifuta."

Naelijwa akashika kalamu. Kumweka mtu mahali pake ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Nje, kengele ya saa nne ikagongwa.

Haya, kalamu naiweka mikononi mwenu. Aliyepanga, aliyebeba, au aliyefungua nafasi? Je, Ijumaa ile nani aliistahili?