Nani Aliyeuvunja Mlango wa Gombera?

Sogeeni karibu, na mwenye moyo mwepesi azibe masikio mapema. Hadithi hii ina damu, na sitaipunguza kwa ajili ya mtu.

Katika mji wa wahunzi waliishi ndugu watatu. Mwajabu, dada mkubwa, alikuwa na kompyuta na akili ya kuitumia: alikuwa akikijenga kitu ndani yake, akakitia moto wa hesabu, akakivunja kabla hakijatengenezwa. Kombo alikuwa fundi wa kuchomelea. Ukiupapasa mshono wake umefumba macho, hujui chuma kimoja kinaishia wapi. Faki, kitinda mimba, hakuwa na ufundi wowote. Alikuwa na kifua, nyundo, na ubishi wa kuwatosha watu kumi.

Jambazi Gombera akauvamia mji. Watu wake walichoma nyumba, wakawakata wanaume kwa mapanga sokoni, wakamburuta mama wa ndugu hawa hadi kwenye ngome yao ya mawe. Kisha Gombera akawaita ndugu wale watatu.

"Nitengenezeeni mlango. Nje uwe chuma kinachong'aa, kisichoshika kutu. Ndani chuma cha kawaida, kizito. Mkinichezea, namchinja huyu bibi."

Mwajabu akaujenga mlango kwenye kompyuta, akaupasha moto, akaupoza. Akaona vyuma vile viwili havitanuki sawa: kile king'aacho hutanuka zaidi, na kikipozwa ghafla huuvuta mshono kwa nguvu ya kutisha. Penye bawaba ya juu picha ikawa nyekundu, alama ya mahali patakapopasuka.

"Nyundo peke yake haiuwezi," akasema. "Lakini uchomwe, umwagiwe maji, kisha upigwe hapa. Kombo, mshono wa hapa uwe mgumu, lakini usijue kunyumbuka."

Kombo akachomelea huku mtutu wa bunduki uko kisogoni. Sasa, Gombera alikuwa na desturi yake ya kishetani: fundi hufungwa nyuma ya kazi yake inapojaribiwa. Kombo akafungwa. Majambazi wakaupiga mlango kwa nyundo, wakaumiminia risasi, naye amesimama upande wa pili akinong'ona shahada. Mshono ungekuwa dhaifu, angekufa palepale. Ungekuwa imara kupita kiasi, mama yake asingetoka humo kamwe. Ukastahimili, naye akafunguliwa akarudi mjini.

Alasiri moja Faki akawaongoza watu waliobaki, wakasukuma mapipa ya mafuta yanayowaka mpaka mlangoni. Risasi zikawaangusha wenzake kushoto na kulia. Moto ukamla mkono wake wa kushoto hadi mfupa, hakurudi nyuma. Akamwaga maji, mvuke ukambabua uso. Akainua nyundo kwa mkono mmoja, akapiga penye bawaba, akapiga tena. Mlango ukapasuka, ukawaangukia majambazi wawili na kuwaponda.

Ndani, mama yao alikuwa amelala chini, koo limekatwa. Gombera, panga bado linachuruzika, akapiga magoti.

"Jamani, nina watoto mimi!"

Mkuki kwa nguruwe! Alipowachinja wa wenzake hakukumbuka kama watu huzaa.

Mila ya mji ule ni moja: aliyeuvunja mlango wa adui, yeye peke yake huamua hatima ya aliyekutwa ndani. Wengine hufunga midomo.

"Niliuvunja mimi, kabla haujakuwepo," akasema Mwajabu. "Anyongwe sasa hivi."

"Ulivunja picha, dada," Kombo akajibu. "Udhaifu niliutia mimi, na nikasimama nyuma yake. Nasema afungwe mnyororo, azijenge nyumba alizochoma mpaka afe."

Faki aliketi kwenye damu, akiutazama mkono wake uliokuwa mkaa. "Mlango wenu ulikuwa umesimama mpaka nilipouangusha. Mwacheni aende mbali. Nimeua vya kutosha leo, nimechoka kuua."

Mwajabu akamchapa kibao. "Mama bado ana joto, nawe unasema aende?"

"Anyongwe, halafu mama ataamka?" Faki akauliza.

Gombera akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Haya, msinitazame mimi. Kila nikiisimulia hadithi hii nabadili mawazo, na kila mara nakasirika. Semeni nyinyi: mlango ulivunjwa na nani? Lakini usijibu kwa kujionyesha akili, maana ukitaja jina moja unamnyonga mtu, na ukitaja jingine unamwachia muuaji wa mama aondoke kwa miguu yake. Je, wewe ungeamua vipi?