Madarasa Saba ya Nyasi

Viti vimekaliwa?

— Vimekaliwa.

Mlango?

— Umeegeshwa.

Na masikio?

— Yako wazi.

Haya, ngano na iingie. Nawe uliyekaa pembeni, acha kuuchokonoa mkeka wangu. Ngano hii ni fupi, na mimi leo sina subira.

Hapo kale alikuwapo Sange. Mnamjua? Yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia, mla mchwa. Sange ana ada yake. Hujichongea njia kwenye nyasi, kisha huifagia kila asubuhi, jani moja moja, kijiti kimoja kimoja, ili siku akifukuzwa asijikwae. Sange wetu huyu aliishi na bintiye, Siwema, na hakuwa na mwingine duniani. Mama alifagia upande wa kulia, mwana upande wa kushoto. Fya, fya, fya. Wakafika kwenye jiwe, wakageuka. Fya, fya, fya. Wakafika nyumbani, wakala mchwa.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Vidimbwi vikakauka vyote, likabaki bwawa moja tu kule bondeni, nalo lilikuwa la Kiboko. Kiboko akatangaza kwamba amefungua shule ya bweni palepale ukingoni, na Mwalimu Mkuu ni yeye. Mzazi asiyeleta mtoto, maji ayasahau. Basi Sange angefanyaje? Alimshika Siwema mkono, akampeleka, akamwacha getini, akarudi peke yake.

Kesho yake akaamka kufagia. Alifagia upande wa kulia, fya, fya, fya, akafika kwenye jiwe, akageuka. Upande wa kushoto hakuugusa. Huo ulikuwa wa Siwema, na yeye alijiambia kuwa mwana atarudi aukute. Majani yakaanguka, yakalala. Jioni akatenga mchwa mafungu mawili, akala lake, akaliangalia la pili mpaka likatambaa likaenda zake. Upweke ulimkaba hasa, wala asiwe na wa kumwambia.

Sasa, shule haiendi bila mtaala. Kiboko akaita kamati ya wazazi wakae asubuhi na mapema, wachambue mambo yote yanayoongoza upangaji wa masomo. Ngiri alikuwa katibu. Kanga alikuja kwa sababu watoto wake kumi na wawili walikuwa bwenini. Sange akakaa nyuma kabisa, juu ya kokoto, apate kuona.

"Mtaala," Kiboko akaanza, "hutokana na mahitaji ya jamii. Na jamii ya hapa ina njaa."

Ngiri akauliza, kwa adabu, ni nani hasa katika jamii mwenye njaa.

"Mimi," akasema Kiboko.

Ikaandikwa. Kanga akaomba waangalie pia umri wa watoto, vipaji vyao, na kazi watakazofanya wakiwa wakubwa, kwa mfano kuficha mayai. Kiboko akamjibu kuwa hoja hiyo ni nzito mno, itajadiliwa kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo hawakufika. Yakapita masomo matatu: Kukata Nyasi, Kubeba Nyasi, na somo la vitendo, Kumtilia Mwalimu Mkuu Nyasi Mdomoni. Vifaa vya kufundishia, meno ya wanafunzi wenyewe.

Tangu siku hiyo ukisimama popote bondeni unausikia wimbo wa shule:

Kata nyasi, beba nyasi,
tia nyasi, fungua mdomo.
Kata nyasi, beba nyasi,
tia nyasi, fungua mdomo.

Sange alikuwa akisimama kwenye jiwe lake, akiitafuta sauti moja katikati ya zile sauti. Siku nyingine alidhani ameipata. Siku nyingine hakuipata. Akaenda kuteka maji, akamwona Siwema anapita na mzigo wa nyasi mkubwa kumliko, akamwita. Mtoto hakugeuka. Kwenye mstari hairuhusiwi kugeuka. Sange akalia njia nzima mpaka nyumbani, na maji aliyoteka yote yakamwagika.

Kikao cha pili, Ngiri alisoma muhtasari wa kikao kilichopita. Mnamjua Ngiri akisoma muhtasari. Akasoma, akasoma, jua likapanda. Wenzake wakasinzia, lakini Sange hakusinzia. Alimwona Kiboko anajikuna. Aliuona mgongo wake unakuwa mwekundu, unaanza kupasuka kama tope lililokauka. Ghafla Kiboko akaahirisha kikao, chubwi, akazama, zikabaki tundu za pua. Sange akaenda nyumbani akiwaza, na kwa mara ya kwanza tangu mwana aondoke akashikwa na njaa.

Kikao cha tatu akasimama juu ya kokoto lake.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mama Siwema. Sema haraka."

Sange akasema mtaala ni mzuri, hana neno. Ila wamesahau jambo moja kubwa, mazingira. Nyasi hukatwa mlimani, zikifika bwawani zimenyauka. Kwa nini mwalimu ale somo lililolala? Na wamesahau ngazi. Masomo huanza na mepesi, yakapanda, darasa la kwanza mpaka la saba. Huko kwake mlimani, akasema, ziko nyasi za ngazi zote. Za darasa la kwanza ni tamu. Za darasa la pili ni tamu kuliko za kwanza.

"Na za darasa la saba?" Kiboko akauliza, mate yanamtoka.

"Za darasa la saba hajala mtu," akasema Sange. "Zinamngoja msomi."

Ikapitishwa palepale, bila hata mengineyo.

Alfajiri Kiboko akatoka bwawani, du, du, du, na shule nzima nyuma yake kwa mstari, na wazazi nyuma ya shule. Sange alitangulia kwenye kinjia chake. Wakafika kwenye nyasi za darasa la kwanza. Kiboko akala, kwacha kwacha, akamaliza. Jua likachomoza. Akasema sasa wanaweza kurudi. Sange akamjibu ni sawa, Mwalimu, wapo wengi wanaoishia darasa la kwanza. Kiboko akanuna, akaendelea. Darasa la pili, kwacha kwacha. Darasa la tatu, kwacha kwacha. Kila alipotaka kugeuka, Sange alikuwa mbele kidogo tu, akimsifia darasa linalofuata. Kwenye la tano mgongo ulianza kumwasha. Kwenye la sita ulipasuka. Kwenye la saba jua lilikuwa utosini, kivuli hakuna, bwawa limebaki kidoa huko chini, na nyasi za darasa la saba, nawaambieni ukweli, zilikuwa zilezile za darasa la kwanza.

Kiboko akapiga ukelele, akashuka mlima, du du du du, mpaka ikasikika kwa mbali, chubwi. Hakuibuka kwa majuma mawili. Bwawa halikuwa na mlinzi, kila mtu akanywa. Alipopona, mvua ilikwisha kunyesha, vidimbwi vimejaa, na maji yake hakuna aliyeyahitaji. Watoto walikuwa wameshachukuliwa na wazazi wao palepale mlimani.

Mngependa niishie hapo. Siishii hapo.

Sange alimshika Siwema mkono, wakaenda nyumbani. Akamtengea fungu lake la mchwa. Siwema hakulila. Alitoka nje, akakata nyasi. Akazibeba, akazipanga mbele ya mama yake vizuri, ncha zote upande mmoja. Akasema, kwa sauti ya darasani:

"Fungua mdomo, Mwalimu."

Sange hali nyasi. Tangu dunia iumbwe sange hali nyasi. Lakini akamtazama mwanawe, akaona anavyosubiri alama. Akafungua mdomo. Akatafuna, akameza, akamwambia amefaulu.

Asubuhi akaamka kufagia upande wake wa kulia. Fya, fya, fya. Siwema akasimama mlangoni akimtazama kama anayemtazama mgeni. Mama akafika kwenye jiwe, akageuka. Upande wa kushoto majani bado yalikuwa yamelala. Hakuyafagia. Akaokota moja tu, akaliweka mbele ya miguu ya mwanawe, akaendelea na kazi yake.

Na funzo? Aa, funzo lazima. Funzo ni kwamba shule ya Kiboko ndiyo iliyokuwa shule bora kupita zote, kwani hakuna shule nyingine ambayo mwanafunzi alikumbuka kila kitu alichofundishwa. Kwa hiyo wazazi msiulize maswali kwenye vikao. Subirini mengineyo.

Ngano imetoka.

— Tufunge mlango?

Uegesheni tu. Siwema bado yuko njiani, huenda akautafuta.