Tonge la Bi Chausiku

Hapo zamani, lakini zamani ya juzi, betri zilipokuwa zimekwisha kufika Maneromango na nguzo za umeme bado ziko njiani, aliishi mwanamke jina lake Chausiku binti Kondo, mjane wa Selemani bin Pazi.

Bi Chausiku alipigwa na kiharusi akipepeta mchele. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi, mkono wa kulia haukurudi. Ulilala mapajani pake kama mgeni aliyesinzia.

Basi ale kwa mkono upi? Wa kushoto hauingii katika sinia la watu. Harusini wenzake walilizunguka sinia, mabega yakigusana, wakinyang'anyana nyama kwa vicheko. Yeye aliwekewa kiti kando, na sahani, na kijiko, kwa heshima. Heshima ile ilimuuma kuliko ugonjwa. Aliukumbuka moto wa wali kwenye ncha za vidole kama mtu anavyomkumbuka aliyesafiri. Usiku aliota anafinyanga tonge. Akiamka, kidole gumba kimelala palepale.

Na katika ukoo wao palikuwa na desturi. Mgonjwa akiinuka, tonge lake la kwanza hali mwenyewe. Humlisha yule aliyemwinua, naye akishalishwa, uuguzi wake umekwisha. Tonge ni moja, kinywa ni kimoja, haligawanywi.

Sikudhani binti Selemani, mwanawe wa pekee, alitoka kwa mumewe Kilosa akaja kumlea. Alimlisha asubuhi, alimlisha mchana, alimlisha jioni. Mama akijaribu kuunyanyua ule mkono, Sikudhani alimwahi. "Acha, mama, utajichosha. Fungua kinywa." Mume alituma salamu, kisha akatuma salamu za ukali, kisha akanyamaza. Sikudhani hakwenda.

Ndipo akaja Elisante Mcharo, Mpare wa Usangi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kisanduku cha betri chenye nyaya. Alibandika vibandiko viwili chini ya kiwiko, akazungusha kitufe polepole.

"Bibi, utasikia kama siafu wanatembea. Wakizidi, sema."

Siafu wakatembea. Vidole vikafunguka. Akavihamisha vibandiko, vidole vikafumba.

Bi Chausiku akatokwa na machozi. "Mwanangu, umenirudishia mkono wangu?"

"Bado, bibi. Huu ni umeme unaofumba. Msuli umesahau njia, tunaukumbusha. Umeme ukija, na wewe vuta pamoja nao."

Akaja wiki baada ya wiki. Umeme ukija, vidole vilifumba. Umeme ukizimwa, vidole vililala. Bi Chausiku alivuta mpaka jasho likamtoka. Siku za katikati alitega sikio barabarani, akiingoja pikipiki ya Elisante kama msichana anayengoja posa. Mwisho Elisante akazikunja nyaya.

"Bibi, nisikudanganye. Nilichoweza nimefanya, na wapo wengine wanaoingoja mashine hii." Akanyoosha mkono kumuaga. Kwa kusahau alinyoosha wa kulia, akaona haya, akaurudisha.

Kesho yake akaja Mihambo Kapela, Mnyamwezi, mtani wa ukoo mwenye ruhusa ya kutania hata msibani, jembe begani na kipande cha bafta kwapani.

"Hodi! Nimekuja kuzika. Marehemu yuko wapi?"

"Marehemu gani, mzee?" Sikudhani aliuliza.

"Mkono wa mama yako. Nasikia hata mtu wa umeme ameukatia tamaa. Wazaramo ninyi hamna haya, maiti inalala mapajani mnaitazama tu!" Akaitandaza bafta, akaanza kuuvika mkono sanda, huku akilia kilio cha uongo. "Ewe mkono, ulituibia kuku wetu wote mpaka Tabora! Leo nani atatuibia?"

"Toka! Huna utu!" Sikudhani alilia kweli.

Lakini Bi Chausiku alipandwa na hasira na kicheko kwa pamoja. "Mbeba mizigo wee! Unizike mzima?"

Mihambo akaivuta bafta. Haikuja. Akaivuta tena. Wote wakatazama: vidole vya kulia vilikuwa vimeishika, na hapakuwa na waya hata mmoja.

Wakapika wali wa nazi. Elisante akaitwa. Bi Chausiku akaketi mkekani, akazamisha vidole katika sinia, akafumba macho. Alikaa hivyo, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akafinyanga tonge, bovu, limepinda, linadondosha punje.

"Tonge ni langu, mama," alisema Sikudhani. "Nimeacha mume kwa ajili yako. Nisingekulisha, huo umeme ungemkuta nani? Na mimi tangu utotoni sijalishwa na mkono wako. Nimeutamani kama wewe ulivyolitamani sinia."

"Ulimlisha mpaka mkono ukasahau kazi," alisema Mihambo. "Tonge ni langu. Nyaya zilishindwa zikaondoka. Kwangu mimi ndipo uliposhika."

"Ulishika kwa njia iliyofunguliwa na umeme," alisema Elisante kwa upole. "Msuli usioamshwa ungekuwa umekwisha kukauka, na wewe ungetania mpaka magharibi. Tonge ni langu."

"Wewe uliyemuaga!" alifoka Sikudhani.

Elisante akainamisha kichwa. "Nilimuaga. Ni kweli."

Bi Chausiku aliwatazama mmoja mmoja. Aliuona uso wa mwanawe ulivyokonda. Alijua pia kwamba Sikudhani akilishwa tonge lile, kazi yake Maneromango imekwisha. Atafunga mzigo arudi Kilosa, na nyumba itabaki na sinia kubwa na mtu mmoja. Vidole vilianza kulegea. Visingelishika tonge muda mrefu.

Mkono ukainuka. Vinywa vitatu vilikuwa mbele yake.

Haya, ninyi mliosikiliza, semeni kabla tonge halijaanguka: je, nani alistahili kulishwa?