Nani Apewe Kidari?

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni wifi yangu Nambike, tukichambua maharage barazani. Siku hiyo watu wa hospitali walikuja mtaani kwetu kuomba watoto wa utafiti wa dawa ya kifua. Mkutanoni nilikuwa na swali, nikaona haya kuinua mkono. Nikamwuliza wifi. Alisema, "Sikiliza kwanza."

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na kijiji juu milimani, ambako ukungu huingia jikoni bila hodi. Kila masika homa iliingia pamoja nao. Iliwashika watoto, wengine ikawachukua. Dawa iliyokuwapo ilijaribiwa kwa watu wazima wa nchi za mbali. Nesi alikata kidonge nusu, akakata nusu ya nusu, akamwomba Mungu.

Ikaja kampuni ya dawa. Aliyetumwa ni Bi Kokugonza, mwanamke wa nchi hiyohiyo, mwenye sauti nene. Kampuni ikajenga maabara, ikaleta friji na darubini, ikawafundisha vijana wa hapo kuzitumia. Kisha ikasema, "Tuna dawa mpya ya watoto. Tunaomba kuijaribu hapa na kupima damu za watoto, kwa ridhaa yenu."

Hakwenda mtu. "Damu zetu wanazitakia nini?" watu waliulizana. "Wanaziuza hao!"

Yule nesi, Eliwaza, akaweka kiti gulioni, akakunja mkono wa gauni, akasema, "Nitoeni mimi." Watu wakatazama damu yake ikiingia kichupani.

"Nesi, kumbe na wewe una damu?" akasema mwuza ndizi mmoja. "Sisi tulidhani una spiriti!"

Watu wakacheka. Baada ya kucheka wakaanza kuuliza, na Eliwaza akawajibu, nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima.

"Watoto wengine watapata dawa mpya, wengine ya zamani. Chupa zinafanana. Hata mimi sitajua ipi ni ipi."

"Kwa nini msiwape wote mpya?" akauliza Nakijwa, mama wa mtoto mmoja tu, Senzota.

"Homa hii hupungua mvua ikikatika. Wote wakipewa mpya, tutajuaje kilichoponya ni dawa au ni jua?"

Nakijwa akafikiri. "Na mwanangu akizidiwa?"

"Mlete saa yoyote. Utafiti utamwacha, sisi hatutamwacha."

Nakijwa akakubali, wa kwanza kijijini. Nyuma yake wakaja wengine.

Masika yakaingia, homa ikaingia, chupa zikagawiwa. Mtoto wa Mama Kadeghe, jirani ya Nakijwa, akapona upesi, akaanza kufukuza kuku. Senzota akabaki kitandani, midomo imekauka.

Sasa kijiji kile hakuna anayekula peke yake. Ukiwa na chumvi, jirani ana chumvi. Mama Kadeghe akaja na chupa yake chini ya khanga.

"Shoga, chukua. Wangu amepona na dawa imebaki. Nani atajua?"

Nakijwa akaishika ile chupa. Akamtazama mwanawe. Akimpa, huenda atapona leo. Akimpa, dawa mbili zitachanganyika, hakuna atakayejua ipi imeponya, na masika yajayo nesi atakata vidonge kwa kukisia tena. Akairudisha. Akamfunika Senzota, akambeba ndani ya mvua hadi kwa Eliwaza.

Eliwaza akamtoa katika utafiti, akamtundikia dripu, hakuondoka kitandani pake mpaka homa iliposhuka. Senzota akapona, lakini polepole, kama konokono apandaye ukuta.

Majibu yakaja: dawa mpya inaponya kuliko ile ya zamani. Na ya zamani ndiyo iliyokuwa katika chupa ya Senzota. Tangu hapo watoto wa kijiji wakapewa mpya, na manesi wa wilaya nyingine wakaja pale kujifunza utafiti.

Kijiji kikachinja mbuzi. Desturi yao, kidari, ile nyama ya kifua, hupewa mtu mmoja, yule aliyewaondolea watu kilio. Hakigawanywi. Kikigawanywa kinakuwa nyama tu. Mchinjaji, Kirita, akainua kisu.

"Ni cha nani?"

"Ni chetu," akasema Bi Kokugonza. "Tulileta dawa, tukajenga, tukafundisha vijana wenu, na maabara tunawaachia. Bila kampuni mngejaribu nini?"

"Lakini mtaiuza hiyo dawa, Bibi!" akapaza sauti mwuza ndizi.

"Tutaiuza. Ingeshindwa, ungekuja kutulipa hasara?"

"Kweli! Mpe!" watu wakasema. Kisu kikaanza kushuka.

"Ngoja!" akasema Eliwaza. "Ni changu. Maabara bila watu ni banda. Nani alitoa damu yake gulioni? Nani alipanda vilima hivi mpaka viatu vikaachia soli? Wao walileta dawa, mimi nilileta imani."

"Kweli! Mpe!" Kisu kikaanza kushuka.

"Ngoja." Alikuwa Nakijwa, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu. "Kampuni ilitoa mali yake. Nesi alitoa damu yake. Mimi nilimtoa mtoto asiyejua kusema ndiyo wala hapana. Na chupa niliishika kwa mkono huu, nikairudisha."

Watu wakasema kwa sauti ya chini, "Kweli."

"Na mimi niliyetaka kuharibu," akasema Mama Kadeghe, "nipeni kwato!"

Wakacheka hadi machozi. Senzota, mgongoni kwa mama yake, akanyoosha mkono kuitaka nyama. Kirita akabaki na kisu hewani.

Wifi akarudi kwenye maharage yake.

"Endelea basi," nikamwambia.

"Nimemaliza, wifi. Kisu nimekuachia wewe."

Asubuhi yake nilimbeba mwanangu nikaenda hospitali. Nikamwuliza nesi lile swali langu, ambalo ndilo la Nakijwa: mwanangu akizidiwa? Akanijibu vizuri, nikaandika jina langu. Kwenye benchi akina mama wengine walikaa wamewakumbatia watoto wao. Nilisafisha koo. Nikawasimulia yote, na nilipofika kwenye kisu nikaishia hapo, nikawauliza kama ninavyokuuliza wewe: je, nani alistahili kidari?