Masikio Mawili Mwezini

Hapo zamani za kale, wanangu, nyika nzima ilikuwa ikifunga. Amri ya Simba ilikuwa moja: mnyama asimle mnyama mpaka mwezi wa Idi uandame, na aliyeuona aape mbele ya baraza.

Siku hizo Bi Sungura alikuwa mjane. Mumewe alifariki wakati wa masika, akamwachia mtoto mmoja, Kombo. Kila alfajiri mama alimlaza kwenye nyasi ndefu, naye Kombo alitulia tuli, kama watoto wote wa sungura walivyofundishwa na Mola wao.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa, Fisi alimkanyaga bila kujua. Hakumla, alimwogopa Simba. Alimbeba kwa ngozi ya shingo mpaka barazani, mate yakimdondoka, chururu, chururu, akaapa kwamba mwezi ameuona yeye, kabla wingu halijaufunika.

Simba akauliza kama yuko mwingine aliyeuona. Hakuna. Wote walikuwa wameona wingu tu. Fisi akasema shahidi mmoja mwadilifu anatosha, akaweka mguu juu ya mgongo wa Kombo.

Bi Sungura alifika akihema. Hakulia. Aliomba ruhusa ya kumuuliza shahidi neno moja.

"Kaka Fisi," akasema taratibu, "wazee husema sungura hukaa mwezini. Mimi nimefiwa. Mume wangu umemwona huko?"

Fisi akaona njia imenyooka. "Nimemwona, shemeji. Amekaa kitako, masikio yote mawili juu. Mnene kuliko alivyokuwa hapa."

"Na miguu je?"

"Yote minne. Na mkia. Kakusalimu sana."

Kucha za Fisi zilikuwa zimeshaanza kuzama kwenye manyoya ya Kombo.

Simba akainuka polepole. "Mwezi mwandamo ni mwembamba kama ukucha wangu. Sungura huonekana mwezi ukiwa umejaa. Huyo wako mnene alikaa wapi?"

Fisi akachomoa kucha zake kwenye manyoya. Akainua mguu. Kisha mbio, puu, puu, puu, Simba nyuma yake.

Bi Sungura akamlamba mwanawe masikio, akamshukuru Mungu, wakarudi nyumbani kuungoja mwezi kama wenzao.

Hadithi yangu inatua hapa, wanangu: shahidi wa uongo mpe nafasi ya kusema, atajinasa kwa ulimi wake.